Ndizi inaoza, wao wasema inaiva

Wayoruba wana methali isemayo Ọ̀gẹ̀dẹ̀ ń bàjẹ́, ẹ ní ó ń pọ́n. Ndizi inaoza, nyinyi mnasema inaiva. Hupigwa nayo mtu anayelipamba jambo linaloharibika mbele ya macho yake. Nimekuwa nikiikumbuka kila ninapokutana na maandishi ya kuisifia boli, ile ndizi ya kuchoma ya barabarani kusini-magharibi mwa Nigeria. Maneno huwa yaleyale: chakula cha asili, urithi wa Wayoruba, ladha ya utotoni. Picha nazo huwa nzuri, ndizi ya rangi ya dhahabu yenye michirizi myeusi, karanga pembeni, pengine na jani la mgomba chini yake. Mtu hayumo. Mikono iliyoimenya, ikaigeuza na kuikwangua majivu imebaki nje ya picha.

Sina ugomvi na sifa hizo, boli inazistahili. Ila nikiitazama kwa makini, naona kilicho cha Kiyoruba hasa ndani yake ni kazi ya mwanamke anayeichoma: anavyoichagua, anavyoicheza na moto, anavyopiga hesabu ya mia mia akiwa kando ya barabara. Kazi hiyo ndiyo inayooza, huku sisi tukiisifia ndizi.

Kwa ambaye hajaiona, boli huchomwa kwa ndizi ya jamii ya mzuzu na mkono wa tembo, ndefu, nene, iliyopinda kidogo. Wao huiita ogede agbagba. Neno ogede, sawa na ndizi letu, ni nyumba moja yenye vyumba vingi, na agbagba ni chumba kimoja tu humo. Ganda huvuliwa lote, kisu hupitishwa juu juu kuondoa nyuzi, kisha ndizi hulazwa nzima kwenye wavu wa chuma. Chini kuna mkaa ndani ya karai, rimu ya gari au nusu ya pipa lililokatwa. Haitiwi mafuta, chumvi wala kiungo chochote. Mchomaji hupepea kwa pepeo la mkono, abebe, hugeuza, hupepea tena, na mwishoni huchukua kisu akakwangua palipoungua sana. Maelezo ya upishi yanaishia hapo. Ndiyo maana anayetaka kuuona ujuzi wa boli kwenye orodha ya mahitaji hatauona.

Mimi niliila kwa mara ya kwanza Ibadan, kando ya barabara iendayo soko la Bodija, nikiwa na mwenyeji wangu. Yeye alitangulia kusalimu: “Ẹ kú iṣẹ́, mama.” Aliponifafanulia nilicheka, kwa sababu ni ileile “pole na kazi” yetu. Wayoruba wana salamu ya kila hali, ya anayefanya kazi, ya aliyeketi, ya aliyetoka safari, na mtu hapiti mbele ya jiko la mwenzake kimya kimya kama anapita mbele ya nguzo ya umeme. Mama aliitikia bila kuinua macho kutoka kwenye moto. Akaniuliza, kwa kupitia mwenyeji wangu, nataka laini au ngumu. Nikasema yoyote. Hapo ikajulikana kuwa mgeni amefika. Nikazidi kujianika nilipoomba pilipili ya kusaga na ndimu, kama tulivyozoea Dar es Salaam mtu akinunua ndizi ya kuchoma pembeni mwa mishikaki. Nilipewa karanga.

Swali lile la laini au ngumu ndilo elimu yenyewe. Ndizi mbichi ni wanga mtupu. Inapoiva, wanga unageuka sukari siku hadi siku, na sukari hiyo ndiyo inayoifanya boli iwe na ngozi ya kahawia na harufu inayomfikia mtu hatua ishirini kabla hajaliona jiko. Ikiwa mbichi mno, hutoka kavu kama kipande cha muhogo wa jana. Ikiwa imeiva mno, huganda kwenye wavu na kuungua nje kabla ndani hakujapata joto. Kinachotakiwa kiko katikati, na hiyo katikati haikai. Siku mbili tu, tatu ukibahatika, na hali ya hewa ya Ibadan haimhurumii mtu.

Jiko la Kiyoruba limejipanga kuifuata ndizi katika safari hiyo yote. Ikiwa bado ya kijani hukaushwa na kusagwa kuwa unga, elubo ogede, wa kusongea amala, au hukatwa vipande vyembamba na kukaangwa kuwa ipekere. Ikianza kuiva ni boli. Ikiiva sawasawa hukaangwa mafutani ikaitwa dodo. Ikipitiliza hupondwa na kuchanganywa na unga, ikawa mosa. Halafu kuna mji wa Ikire, katika jimbo la Osun, kwenye barabara kuu ya Ibadan kwenda Ife. Wanawake wa pale walichukua ndizi iliyolegea kabisa, ambayo mwingine angewatupia mbuzi, wakaiponda kwa pilipili na chumvi, wakaikaanga kwa mawese mpaka ikawa nyekundu inayokaribia weusi. Wasafiri huinunua ikiwa imefungwa majani. Inaitwa dodo Ikire, imebeba jina la mji wao. Nadhani hao ndio watu pekee waliowahi kuijibu methali ile bila kusema neno: ndizi inaoza kweli, na sisi tunaiuza.

Sasa tuulize, boli ni ya Wayoruba kwa maana gani?

Kwa asili ya mmea, hapana. Jamii ya migomba ina chimbuko lake Asia ya Kusini-Mashariki na New Guinea. Ilifika Afrika zamani mno, na wanaakiolojia bado wanavutana kuhusu lini na kwa njia ipi. Kule Nkang, Kamerun, kuna mabaki madogo sana ya majani ambayo wengine wanayasoma kuwa ni ya migomba ya zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, na wengine hawayakubali. Kisichobishaniwa ni kwamba misitu ya Afrika ya Kati na Magharibi iliilea ndizi ya aina hii ikazaa aina nyingi kuliko zilizoko kokote kwingine. Ni mimea ya ukoo huohuo ambayo Wakongo huita makemba.

Kwa namna ya kuchoma, pia hapana. Accra wanaichoma vilevile na kuila kwa karanga vilevile, na wameipa jina ninalolipenda kuliko yote, Kofi Brokeman, yaani Kofi kapuku, Kofi asiye na hela. Uganda, msafiri wa barabara ya Masaka akifika Lukaya hukimbiliwa dirishani na gonja ya kuchoma. Ukienda mashariki mwa Nigeria yenyewe, hadi Port Harcourt, ndizi hiyohiyo inaandikwa bole, inapewa samaki wa kuchoma na mchuzi mzito wa mawese na pilipili, na ina tamasha lake la kila mwaka. Ubishi wa boli na bole, Lagos dhidi ya Port Harcourt, hauna mwisho na wala hautakiwi kuwa nao, maana watu wanaufurahia. Kwa ulimi wangu wa pwani, Port Harcourt wameshinda. Mwenyeji wangu wa Ibadan asiambiwe.

Hata karanga, epa, ambazo Myoruba hawezi kuzitenganisha na boli, ni mgeni aliyetoka Amerika ya Kusini, na nyingi hulimwa kaskazini, upande wa Kano, mji uliowahi kuonyeshwa kwenye picha za dunia nzima kwa mapiramidi yake ya magunia ya karanga. Kwa hiyo mkononi mwako umeshika ndizi iliyotoka Asia na punje iliyotoka Amerika, zimekutanishwa barabarani na mtu mmoja. Karanga zenyewe hukaa kwenye chupa zilizokwisha pombe, zimeoshwa, zimepangwa mezani kama duka la dawa. Huyo aliyeziosha na kuzipanga ndiye jibu la swali langu.

Kiyoruba humwita kwa kazi yake. Kiambishi oni hubandikwa kwenye kitu anachouza, naye akawa oniboli, kama sisi tunavyosema muuza ndizi, ila chao kina uzito zaidi, kinakaribia “mwenye boli”, mtu aliyekabidhiwa kitu. Mbele yake huwekwa Iya, mama. Wateja wake si watalii. Ni fundi makanika aliyetoka chini ya gari, kondakta wa danfo, ile daladala ya Lagos, karani ambaye mshahara wake umeisha tarehe 15, mwanafunzi. Anayenunua kidole kimoja na karanga za kiganja anakuwa amekula mchana. Hilo ndilo agano la chakula hiki tangu mwanzo: mtu mwenye hela kidogo apate kitu cha moto, kilichochomwa mbele ya macho yake, bila sahani wala kiti.

Hesabu ya upande wa pili wa jiko ni ngumu kuliko inavyoonekana. Asubuhi huenda sokoni kununua mikungu au vichane ambavyo lazima akisie vitaiva lini. Akinunua vya kijani tupu, leo hana cha kuchoma. Akinunua vilivyoiva, kesho vimemlegea mikononi. Kila kidole kisichouzwa jioni kinashuka thamani usiku akiwa amelala. Kwake methali ile ni daftari la hesabu. Juu ya hapo kuna mkaa, kuna ada na michango ya kila mtu anayedai eneo ni lake, na kuna msimu. Ndizi hujaa sokoni wakati wa kiangazi, kuelekea mwisho wa mwaka, na huadimika katikati ya mvua. Mvua zikikolea yanaingia mahindi mabichi, na jiko lilelile linabadilika, mahindi ya kuchoma na vipande vya nazi. Mtu anayeandika kwamba boli hupatikana “kila kona mwaka mzima” hajakaa Lagos mwezi wa saba.

Hesabu hiyo ilikuwa inakwenda hata hivyo. Kisha ukaja mwaka 2023. Tarehe 29 Mei, siku alipoapishwa, Rais Bola Tinubu alitangaza kwamba ruzuku ya petroli imekwisha. Lita iliyokuwa chini ya naira 200 ilivuka 500 ndani ya siku chache, na kabla ya 2024 kuisha ilikuwa imevuka 1,000. Mwezi wa Juni 2023 naira ikaachiwa ielee, yaani thamani yake ipangwe na soko, nayo ikazama. Kufikia Juni 2024, takwimu za serikali yenyewe zilionyesha mfumuko wa bei za vyakula umepita asilimia 40 kwa mwaka. Ndizi ya Lagos kwa sehemu kubwa hailimwi humo. Inakuja kwa lori kutoka Ondo, Edo, Delta na kwingineko, hushushwa kwenye masoko kama Mile 12, kisha hupanda bajaji au pikipiki hadi penye jiko. Kila hatua inakunywa petroli.

Wachumi wana hoja zao kuhusu ruzuku ile, na baadhi ni za kweli. Ilikuwa inakula fedha nyingi za serikali, na sehemu ya mafuta ilivuka mipaka ikiwanufaisha walanguzi. Mimi nazungumzia ilipoangukia. Mwenye duka kubwa hupandisha bei, mteja akanung'unika, akalipa. Muuza boli hana nafasi hiyo, maana bidhaa yake yote imejengwa juu ya kuwa rahisi. Akipandisha bei, yule kondakta analoweka garri, zile chenga za muhogo zilizokaangwa, kwenye maji, anakunywa, analala. Asipopandisha, anakula mtaji. Kwa hiyo anapunguza: kidole chembamba zaidi, karanga chache zaidi, na mara nyingine kidole kukatwa katikati. Waghana nao wamekuwa wakitania kwamba Kofi Brokeman sasa anahitaji kuwa na hela ili ajile mwenyewe.

Kuna jambo la pili, nalo ni la zamani kuliko petroli. Jimbo la Lagos lina sheria ya mwaka 2003 inayokataza biashara za barabarani. Kwa miaka mingi ilikuwa ya karatasi, ikitumiwa na mgambo pale wanapotaka. Mwaka 2016 kijana mchuuzi aligongwa na gari akafa eneo la Maryland alipokuwa akiwakimbia maofisa hao, watu wakakasirika, mabasi kadhaa ya mwendokasi yakavunjwa vioo. Jibu la Gavana Akinwunmi Ambode lilikuwa kutangaza kwamba sheria sasa itafanya kazi kikamilifu: faini ya naira 90,000 au kifungo cha miezi sita, kwa muuzaji na kwa mnunuzi pia. Fikiria kufungwa kwa kosa la kununua ndizi. Hata hivyo watu waliendelea kununua, wachuuzi waliendelea kuuza, na sheria ikaendelea kuwa rungu linaloning'inia. Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi aliyewahi kuona meza ya machinga ikipakiwa kwenye karandinga hahitaji nimweleze zaidi.

Lakini msomaji huyo pengine hajui kwamba wanawake wa masoko ya Lagos hawakuanza jana kubishana na serikali juu ya chakula. Miaka ya Vita vya Pili vya Dunia, utawala wa Waingereza uliweka bei elekezi za vyakula mjini humo chini ya mpango uliobeba jina la ofisa wake, Kapteni Pullen. Serikali ilitaka kununua na kuuza yenyewe, kwa bei ambazo wauzaji waliziona ni za kuwafilisi. Aliyesimama mbele alikuwa Alimotu Pelewura, muuza samaki, mkuu wa soko la Ereko na kiongozi wa chama cha wanawake wa masoko. Hakusoma shule, ila serikali haikuweza kumpuuza. Aliukataa mpango ule mpaka ukaondolewa vita vilipokwisha mwaka 1945. Naye alifariki mwaka 1951. Ninapoambiwa kuwa boli ni urithi wa Wayoruba, huwa nawaza kuwa urithi ulio karibu zaidi na jiko lile ni huo wa Pelewura: muuza chakula ambaye serikali haiwezi kupanga bei bila kumwita.

Ziko nchi zilizokwisha kuliona jambo hili sawasawa, na mfano bora una damu ya Kiyoruba ndani yake. Watu waliovushwa bahari wakiwa watumwa walifika nalo Bahia, Brazili, andazi la kunde la Kiyoruba, akara, ambalo huko likawa acarajé. Wanawake wanaoliuza barabarani Salvador, wamevaa magauni meupe mapana na vilemba, huitwa baianas. Mwaka 2005 taasisi ya urithi ya Brazili, IPHAN, ilipoamua kulitambua jambo hili, iliandikisha kazi ya baianas wa acarajé. Iliyoingia kitabuni ni kazi, si andazi. Tofauti hiyo ya neno moja ilikuja kuwa na nguvu. Kombe la Dunia la 2014 lilipokuwa linaandaliwa, na masharti ya FIFA yakionekana kuwafukuza wauzaji karibu na uwanja wa Fonte Nova, wanawake wale walikuwa na cha kushika mkononi. Walipiga kelele, wakakusanya saini, na wakaruhusiwa kuuza. Ungekuwa umeandikishwa mlo peke yake, kampuni yoyote ingeweza kuukaanga kwenye mashine na kuuuza getini ikijisifu kwa kudumisha mila.

Hapo ndipo ninapoiona hatari ya boli. Migahawa ya Lagos, upande wa Lekki na Victoria Island, imeanza kuiweka kwenye menyu, imekatwa mshazari, imenyunyiziwa majani, kwa bei inayozidi mauzo ya asubuhi nzima ya mama wa barabarani. Wala si kosa kumpa tajiri ndizi nzuri. Ila ikibaki huko peke yake, tutakuwa na chakula cha asili kilichopoteza wenyewe, na wasifiaji wataendelea kusema kinaiva.

Nakiri kuna upande nisioupenda mimi mwenyewe. Ni rahisi kwa mwandishi aliyeketi kivulini kuimba kuhusu jiko la mkaa. Moshi ule unaingia machoni na kifuani saa nane kwa siku. Karatasi ya gazeti la zamani inayofungiwa boli ina wino ambao haukutengenezwa kuliwa. Wengi wa wanawake wale hawatamani binti zao warithi jiko, wanachoma ndizi ili binti asome. Kwa hiyo sisemi waachwe walivyo. Nasema wapewe vitu vya kawaida ambavyo mwenye duka anavyo bila kuandikiwa makala: mahali pa kukaa pasipofukuzwa, kivuli, maji ya bomba, na kibali kimoja badala ya wakusanyaji wanne. Watafiti wa IITA, taasisi ya kilimo cha nchi za joto iliyoanzishwa Ibadan mwaka 1967, walihangaika miaka na miaka kituoni kwao Onne kuzalisha aina za ndizi zinazohimili ugonjwa wa madoa meusi ya majani uliofika Nigeria miaka ya 1980. Mmea ulipougua, maabara zilifunguliwa. Mchomaji akiugua, hutumiwa mgambo.

Siku ile Ibadan, nikiwa bado natafuna, alikuja mvulana wa shule na noti moja iliyokunjwa. Mama aliifungua, akaitazama, akamtazama na mtoto. Haikutosha. Alichukua boli moja kwenye wavu, akaikwangua vizuri kama aliyoniandalia mimi, akaikata katikati. Nusu akaifunga kwenye karatasi na kumwagia karanga juu, bila kupima. Nusu ya pili akairudisha ukingoni mwa wavu, mbali na moto, imngoje mwingine mwenye noti kama ile.